Tamasha la michezo ya asili Mara: dada zetu wasibaki jikoni



Leo tunavuka maji na kwenda mbali kidogo, mpaka mkoa wa Mara, kando ya Ziwa Victoria. Tuna rai moja na tunaisema mapema ili kila mtu ajue tunakokwenda. Tunataka Musoma, Bunda na Butiama zikusanye michezo yao ya asili katika tamasha moja kubwa la kila mwaka, na tunataka mabinti na wanawake wa Kiislamu wa huko waingie humo kama wachezaji. Kupika pilau na kushangilia tunajua, hakuna wa kutufundisha. Tunachoomba ni zamu ya kucheza.

Utauliza, sisi watu wa visiwani Mara inatuhusu nini? Inatuhusu kwa njia nyingi. Kila ukifika msimu wa harusi wapo mabinti wanaofunga masanduku kwenda kwa waume zao bara, na wengine hufika mpaka kanda ya ziwa. Somo anamfundisha mwali hina, singo, udi na adabu za ndani. Lakini nani anamwambia kuwa wifi zake wa Kijita wamekulia kwenye mitumbwi, kwamba shemeji yake Mkurya akisikia litungu hawezi kukaa kitini, au kwamba mzee wa Kizanaki anaweza kumpima mkwe wake kwenye bao kabla ya kumpima kwenye mazungumzo? Tena uwanja mkubwa wa mpira wa Musoma unaitwa Uwanja wa Karume, kwa jina la mzee wetu. Na Septemba 2021, huko Kisesa wilayani Magu, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, binti wa Kizimkazi, kwa jina la Chifu Hangaya. Alisimama pale na ushungi wake kichwani. Kwa hiyo asitwambie mtu kuwa mambo ya asili ya kanda ya ziwa na mwanamke wa Kiislamu haviwezi kukaa uwanja mmoja. Vimeshakaa.

Bao lililompeleka mtoto skuli

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Mwalimu Julius Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya. Inasimuliwa kuwa Kambarage, akiwa bado mtoto, alikuwa akicheza bao na Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, jirani na rafiki wa baba yake. Chifu Makongoro aliona namna kijana yule anavyohesabu kete na kuona mbele, akamshauri baba yake ampeleke skuli. Mwaka 1934 Kambarage akaanza masomo Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kama 12. Yaliyofuata nchi nzima inayajua.

Tazama sehemu zenyewe. Mtoto wa Butiama, chifu wa Ikizu ambayo leo iko Bunda, na skuli ya Musoma. Sehemu zote tatu tunazozizungumzia leo zimeunganishwa na bao moja. Na aliyemwona yule mtoto alikuwa chifu mwenye jina la Mtume wetu.

Sisi tunalisoma tukio hili hivi: mchezo ni mahali pa kuonekana. Mtoto anaweza kuwa na akili nyingi nyumbani kwao na asijulikane na mtu, mpaka siku aliyoketi kwenye bao na mtu mzima mwenye neno. Sasa tunauliza, ni binti gani wa Butiama au Bunda anayepata siku kama hiyo? Kaka zake wana mpira wa miguu, wana bao chini ya mti, wana ng'ombe wa kuchunga pamoja na mbio za huko machungani. Yeye ana ndoo ya maji na mdogo wake mgongoni. Akili anayo, ila hapati mahali pa kuionesha watu wakaiona.

Siku binti anapoonekana Mara

Hapa tuseme kweli, hata kama ni jambo zito kwa ukurasa wa mambo ya harusi. Katika baadhi ya jamii za Mara, siku ambayo binti huonekana na ukoo mzima, akaimbiwa, akapewa zawadi na kuitwa mtu mzima, ni siku ya ukeketaji. Si makabila yote ya Mara yenye mila hii, na wazazi wengi wameiacha. Lakini utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Mara wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni 8 katika kila 100. Sheria imekataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Pamoja na hayo, zipo nyumba salama mkoani humo, Butiama ikiwemo, zinazopokea mabinti wanaokimbia makwao msimu ukifika.

Dini yetu haihitaji kisu hicho. Mwaka 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, wakasema wazi kuwa ukeketaji unamdhuru mwanamke na hauna msingi wa kusimamia katika sheria ya dini. Wenzetu wengi wa Mara si Waislamu na hawafanyi kwa ajili ya dini yoyote, wanafanya kwa ajili ya heshima. Binti asiyepitia anachekwa na wenzake, na mama yake anachekwa kisimani.

Basi tukimwambia mama wa Mara "acha", tumempa nusu ya maneno. Nusu nyingine ni kumwambia heshima ya binti yake itatoka wapi sasa. Ukiondoa ngoma, zawadi, nyimbo na shangwe za ukoo, ukamwachia ukimya, mila itarudi usiku kwa mlango wa nyuma. Mkono uliozoea kupokea haukubali kubaki mtupu.

Majirani zetu Wamaasai wa Kenya wametangulia kwenye hili. Zamani kijana wa Kimaasai alipata jina kwa kuua simba. Simba wakapungua, wazee wakakaa wakafikiri. Mwaka 2012 yakaanza mashindano Kimana, karibu na mpaka wetu chini ya Mlima Kilimanjaro, watu wakayaita Olimpiki za Wamaasai. Vijana wanakimbia, wanarusha mkuki na rungu, wanaruka juu kama wanavyoruka kwenye ngoma zao. Ushujaa wa kijana umebaki, wimbo umebaki, zawadi zimebaki, aliyetolewa ni simba. Na wasichana nao wana mbio zao.

Tunachotaka Mara ndicho hicho. Shangwe zote zibaki, kitolewe kisu. Binti avushwe utotoni kwa kupiga kasia, kwa kucheza bao, kwa kukimbia, kwa kusimama mbele ya wazee akaeleza asili ya ukoo wake bila kukosea. Ukoo ukusanyike, mbuzi achinjwe, kanga zitolewe, mama yake apigiwe vigelegele. Hatusemi tamasha peke yake litamaliza tatizo. Sheria, skuli na nyumba salama lazima ziendelee na kazi yake. Tunasema vyote hivyo vinahitaji siku ya furaha nyuma yake, na siku hiyo Mara wanaweza kuitengeneza wenyewe.

"Lakini mwanamke wa Kiislamu na michezo?"

Swali hili tunalijua, na aghalabu linaulizwa kwa nia njema. Tulijibu kwa utulivu.

Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alisimulia mwenyewe kuwa alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mara ya kwanza alishinda yeye. Baadaye, mwili ulipoongezeka, akashinda Mtume, akamtania kuwa sasa wamelipana. Ni yeye pia aliyesimama nyuma ya bega la Mtume akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idd. Fikiri maana yake: watu wa kabila la mbali, na mchezo wao wa asili, siku ya sikukuu, ndani ya msikiti wa Madina, na hawakufukuzwa. Na Qur'ani katika Suratul Hujurat inatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Sasa watu watajuanaje kama kila mmoja amejifungia kwake?

Kwa hiyo mchezo wenyewe si tatizo. Kuna mambo yanayouzunguka mchezo, na hayo ndiyo ya kuwekewa masharti. Sisi tunayo manne.

La kwanza ni vazi. Binti acheze amejisitiri, na asiulizwe. FIFA iliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani likaruhusu mwaka 2017. Kama huko wamekubali, hatuoni kamati ya tamasha Musoma itakuwa na sababu gani ya kumkataa mpiga kasia mwenye suruali pana, kanzu fupi na mtandio uliofungwa vizuri.

La pili ni fedha. Kwa miaka mingi mashindano ya mitumbwi ya kanda ya ziwa, na Musoma ikiwemo, yalibeba jina la bia. Wanawake nao walikuwa na mashindano yao humo, na mikono yao ilistahiki kila zawadi. Lakini binti wa Kiislamu afanyeje? Avae fulana yenye jina la kilevi kifuani, au akae nyumbani? Huko ni kumfungia mlango kisha kumlaumu kuwa haingii. Wapo wafanyabiashara wa samaki, wa mafuta ya kupikia, wa vitenge, wa simu na wa benki. Waombwe hao. Na wafanyabiashara wa Kiislamu wanaolalamika kuwa michezo imejaa pombe waanze wao kutoa kombe na boti ya uokozi.

La tatu ni wakati. Ratiba isipite juu ya Adhuhuri na Alasiri kana kwamba hazipo, na tamasha lisiwekwe Ramadhani. Pia kuwe na kipindi cha wanawake peke yao, angalau nusu siku, kwa michezo ambayo wengine hawapendi kuichezea mbele ya wanaume. Huku si kuwatenga. Mwanamke mwenye miaka 50 atavuta kamba kwa nguvu zake zote akijua wanaomcheka ni mawifi zake tu.

La nne ni itikadi. Michezo ya asili mahali pengine imefungamana na matambiko. Muislamu anaweza kupiga kasia bila kushiriki kafara, na kucheza bao bila kuvaa hirizi. Hili lisemwe mapema kwa heshima na wazee wataelewa. Sisi wenyewe Makunduchi tunao Mwaka Kogwa, asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wanapigana kwa mapanda ya migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba wamevaa nguo zao bora. Kila mmoja wetu anajua anachokifuata pale na anachokiacha. Watu wa Mara wana haki ya kuchagua vivyo hivyo.

Michezo ipo, haihitaji kutafutwa mbali

Kwenye ziwa kuna makasia. Bunda na Musoma ni kwa Wajita na Wakwaya, watu wa samaki, na wanawake wao maji wanayajua. Butiama kuna bao, na pale kijijini tangu 1999 kuna makumbusho ya Mwalimu, mahali pazuri mno pa kuweka fainali ya bao la wanawake. Wakurya wana litungu na ngoma ya kuruka. Wasichana wa skuli wana rede, ambayo huku kwetu tunaiita nage: wawili wanarusha, wa kati anakwepa. Ongeza mbio za kubeba ndoo ya maji kichwani. Kazi hiyo binti anaifanya kila siku bila kusifiwa, siku moja ifanyiwe kombe.

Na msidhani historia ya huko haina mwanamke wa mbele. Waikizu wa Bunda husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke mleta mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani, kuwa ndiye mtemi wao wa mwanzo. Hatuingii kwenye imani za mvua, hiyo ina Mwenyewe. Tunasema tu kuwa jamii inayomkumbuka mwanamke kama chanzo cha utawala wake haiwezi kusema kuwa mwanamke kusimama mbele ya watu ni mambo ya kuletwa na wageni.

Mifano ya kuiga nayo ipo karibu. Kule Bujora, Mwanza, Wasukuma wana Bulabo kila Juni, ambako makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji. Ilianzishwa na padri, David Clement, ikaambatana na sikukuu ya kanisa. Wenzetu walifikiri, wakaipa ngoma siku yake katika kalenda ya dini yao. Sisi tuna Idd mbili kila mwaka, na watoto wetu wa bara siku ya Idd Pili hawana pa kwenda ila kuzunguka mjini. Kwa nini nusu siku ya wanawake isiwe Idd Pili, Musoma, kwa kila anayependa kuja, Muislamu na asiye Muislamu?

Lamu ndugu zetu wana tamasha lao la utamaduni. Siku hizo hizo utaona mbio za punda, mashindano ya majahazi, kuogelea, bao, mashairi, na pia mashindano ya kuchora hina na maonesho ya harusi ya Kiswahili. Hapo maharusi wetu mtafurahi! Hina ya bibi harusi imewekwa daraja moja na jahazi la nahodha, na kila kimoja kimepewa waamuzi wake. Mbali zaidi, Kyrgyzstan, nchi ya Waislamu, ilianzisha mwaka 2014 Michezo ya Dunia ya Wahamaji, yenye farasi, mieleka na mishale. Mwaka 2024 michezo hiyo ilifanyika Astana, Kazakhstan. Na Brazil, mjini Palmas, mwaka 2015 ilikaribisha michezo ya dunia ya watu wa asili. Wote hao waliona kuwa mchezo usiopewa siku yake unakufa na bibi wa mwisho anayeujua.

Tahadhari moja tu. Tamasha lisifanywe kwa ajili ya mgeni mwenye kamera anayepita kwenda Serengeti. Mgeni karibu, alipe kiingilio, ale samaki wetu. Lakini kamati ikianza kuuliza mtalii anapenda kuona nini, mabinti watageuzwa mapambo, watavalishwa shanga na kuambiwa wacheke. Mwenye tamasha awe yule bibi wa Butiama anayejua kanuni za bao la kwao, na wanawake wawe kwenye kamati tangu siku ya kwanza. Wasije kuitwa siku ya mwisho kugawa soda.

Kwako bibi harusi

Mwali wetu unayekwenda Mara, tunakuomba mambo mawili. Sandukuni, kati ya udi na kanga za doti, weka bao dogo la mbao. Siku mama mkwe atakapokuita ukae naye, mwombe akufundishe wanavyocheza kwao, maana kanuni hazifanani na zetu. Utakosea, atakucheka, na hapo urafiki umeanza. Yapo mambo ambayo zawadi ya kitenge haiwezi kuyafungua kama kicheko kinavyoyafungua.

La pili ni kubwa zaidi. Siku Mungu atakapokujaalia binti katika ukoo huo, watakuja watu na maneno yao kuhusu heshima na mila. Usiwatukane watu wa mumeo. Waulize kwa adabu ni mchezo gani bibi zao walikuwa mabingwa, kisha sema, "Basi mwanangu naye ataingia ukoo huu kwa mchezo huo." Mpe mume wako kazi ya kusimama na wewe kabla hata mtoto hajazaliwa. Jambo hilo lizungumzwe wakati wa posa, pamoja na mahari, wala usione haya. Mahari ni haki yako, na mwili wa binti yako ni amana yako.

Na nyinyi wakubwa wa Musoma, Bunda na Butiama, masheikh, wachungaji, wazee wa mila na wakuu wa skuli, bao moja lilitosha kuunganisha miji yenu mitatu na kumpatia nchi Mwalimu. Tandikeni mabao mengine, na safari hii muite na mabinti waketi.

Wabillahi tawfiq.